Wanawake Kwenye Kona ya Kompyuta

Mama mdogo alipoingia kwetu na begi la safari, mama yangu hakumuuliza kitu. Alinigeukia mimi.

"Toa vitu vyako chumbani. Mgeni amefika."

"Mgeni gani? Huyu si mama mdogo?"

"Mtu akija na begi ni mgeni."

Basi nikahamia kwenye kochi, na kochi letu lina springi moja inayokutafuta mbavu popote utakapolalia. Nasema mapema ili mjue. Kwenye kesi hii sikuingizwa na moyo mzuri. Niliingizwa na mbavu.

Kesi yenyewe ni hivi. Mume wa mama mdogo anachora ramani za nyumba. Watu wanamwita Rula, na yeye anaitika. Kila kitu chake kimenyooka. Ndala zake mlangoni zinakaa sambamba kama zinasubiri gari. Ukimwambia kesho asubuhi, kesho asubuhi yupo, amenyoa, amechomekea. Mtu wa hivyo ukisikia ana wanawake, tena si mmoja, unacheka kwanza. Mimi nilicheka. Mama akanirushia kitambaa cha vyombo usoni.

"Mwenzio amewaona kwa macho yake," akasema.

"Amewaona wapi?"

"Kwenye kompyuta ya mumewe. Wanakuja wenyewe. Anafunga huyu, anatokea yule. Mabega wazi, mpenzi hivi, mpenzi vile. Akamuuliza mumewe, huyu ni nani? Mumewe akasema, simjui. Akatokea mwingine. Na huyu? Simjui. Sasa wewe fikiria. Mwanaume asiyemjua hata mmoja, na wote wanamwita mpenzi."

Mama mdogo hakuwa analia, na hilo ndilo lililomtisha mama. Yeye anakaa mapokezi kwenye kliniki ya meno, amezoea kuongea taratibu na watu wenye mashavu yaliyovimba. Sasa alikaa kitandani kwangu anaangalia ukuta. Ukimwambia chai, sawa. Ukimwambia kula, sawa. Chai ikapoa, chakula kikapoa.

Mjomba, kaka yao, akapewa habari. Mjomba alikuwa karani wa mahakama mpaka akastaafu, ila kichwa chake hakijapata barua ya kustaafu. Akatangaza kikao mchana huohuo. Rula ataitwa, ataulizwa, na akishindwa kueleza, mama mdogo harudi kule. Mama mdogo akasema sawa.

"Nenda kwa Rula kabla ya kikao," mama akaniambia jikoni kwa sauti ya chini. "Kaiangalie hiyo kompyuta. Kama ni kweli tujue, kama si kweli tujue. Mimi siwezi kumwona mdogo wangu anaitikia sawa maisha yake yote."

"Kwa nini mimi?"

"Si unafunga madishi?"

Mimi nafunga madishi ya TV. Shule niliiacha kabla haijaniacha, na tangu hapo niko juu ya mapaa ya watu. Lakini kwetu chochote chenye waya ni changu. Pasi ni yangu, redio ni yangu, kengele ya mlango ni yangu. Sasa na ndoa.

Nilipofika kwa Rula nilijua hali ni mbaya kabla ya kugonga. Ndala moja ilikuwa mlangoni, ya pili iko kule karibu na bomba, imelala kifudifudi. Akafungua. Hajanyoa. Shati limetoka nje upande mmoja.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Amekutuma?"

"Mama amenituma."

Akashusha pumzi, akanionyesha ndani. Meza yake ya kazi iko sebuleni, imegeukia ukuta, na juu yake karatasi kubwa zimeviringishwa na kufungwa mipira. Kompyuta alikuwa ameifunika kitambaa cha meza, kile cha maua, cha wageni.

"Mbona umeifunika?"

"Nimechoka kuangaliwa."

Akanieleza. Alikuja mteja kuona ramani ya nyumba yake. Rula anamwonyesha kwenye kompyuta, hapa sebule, hapa jiko, hapa chumba cha wageni, mara akatokea mwanamke chini kulia, juu ya chumba cha wageni kabisa. Mteja akauliza, na huyu ndiyo ameshahamia?

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Baba mdogo, niambie ukweli. Mimi si mjomba. Ulifungua mambo ya ajabu humu?"

"Sijafungua."

"Hata kidogo? Binadamu ni binadamu."

"Sijafungua," akasema tena, halafu akakaa kwenye kiti, akaangalia mikono yake. "Ila sasa hata mimi sina uhakika. Nakaa hapa peke yangu najiuliza. Labda nilibonyeza kitu bila kujua. Labda nilibonyeza nikijua, nikasahau. Mtu anaweza kusahau jambo kama hilo?"

Hapo kicheko kiliniisha chote. Mtu mzima, mtu wa penseli na vipimo, amekaa anajishuku mwenyewe. Nikaona huyu akiingia kwenye kikao cha mjomba namna hii, ataulizwa swali moja tu na ataanguka.

Nikavuta kitambaa. Kompyuta ikawaka. Kabla sijakaa vizuri, ting! Mwanamke. Nywele ndefu, bega moja nje, anacheka kama tunafahamiana. Nikamfunga. Ting! Alama nyekundu, maandishi makubwa, KOMPYUTA YAKO IKO HATARINI, BONYEZA SASA. Nikafunga. Nikafungua intaneti nitafute dawa, ukurasa ukaja mwingine kabisa, umejaa matangazo ya viatu na ya kuotesha nywele.

Mimi ni mtu wa haraka. Mjomba ndiyo maana ananiita Presha. Nikajiambia, uchafu umetoka intaneti, basi futa ya intaneti yote. Nikaingia kwenye historia, kila kitu kilichowahi kufunguliwa humo, nikaweka tiki, futa. Imeisha.

"Tayari," nikasema.

Ting! Mwanamke. Yuleyule, bega la pili.

"Naona amegeuka tu," Rula akasema.

Wakati huo mlango ukagongwa. Nje alikuwa mjomba, kavaa koti, na nyuma yake mama, na nyuma ya mama, mama mdogo.

"Kikao si kwetu?" nikauliza.

"Nimekihamishia hapa," mjomba akasema. "Shauri husikilizwa kwenye eneo la tukio. Sogea, Presha."

Waliingia. Mama mdogo alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, ndani ya nyumba yake mwenyewe, kama mtu aliyekuja kuuza sabuni. Hakumwangalia mumewe. Rula alisimama, akaona shati lake, akalichomekea upande ule, likatoka upande wa pili.

Mjomba akakohoa kile kikohozi cha kufungua jambo. Mama mdogo akamkatisha.

"Kaka, kabla hujasema. Kompyuta inaweka kumbukumbu ya kila mahali mtu alipopita. Kazini kwetu ipo. Fungua hiyo tuone. Kama hakupita huko, mimi nitamwomba radhi hapahapa mbele yenu."

Wote wakaniangalia. Unajua ile hali ukiwa juu ya ngazi, halafu unahisi ngazi imeanza kwenda bila wewe?

"Nimefuta," nikasema.

"Umefuta nini?"

"Historia. Yote. Sasa hivi tu."

Mama akajipiga paji la uso. Mjomba akavua miwani, akaipuliza, akaivaa tena, akaniangalia vizuri zaidi.

"Ushahidi," akasema.

"Mjomba, nilikuwa nasafisha!"

"Ndiyo. Wote huwa wanasafisha."

Mama mdogo akasema pole pole, "Kwa hiyo mlikaa, mkashauriana, mkafuta."

"Hatukushauriana," Rula akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Amefuta tu."

"Sawa," akasema mama mdogo, na akashika mkono wa kiti ili anyanyuke.

Nilitoka nje kwenye korido na simu sikioni kabla hajanyanyuka. Kuna dada mmoja anatengeneza kompyuta kwenye kibanda jirani na ninaponunulia nyaya. Tunamwita Dokta. Nikamweleza kwa pumzi moja.

"Umefuta historia?" akauliza.

"Ndiyo."

"Na wanawake bado wanakuja?"

"Wanakuja."

"Wewe kichwa chako ni cha kubebea ngazi tu. Sikiliza. Hizo zinaitwa arifa. Kuna tovuti imepewa ruhusa ya kumtumia ujumbe, basi inatuma hata akiwa amelala. Ukifuta historia ruhusa inabaki palepale. Ni kama umefagia nyayo za mgeni na mgeni mwenyewe yuko chumbani."

"Nitajuaje ni tovuti gani?"

"Ujumbe ukija, usiufunge. Chini ya picha kuna maandishi madogo. Ni jina la tovuti iliyoutuma. Au ingia kwenye mipangilio, upande wa arifa, utaziona zote."

Nikakimbilia ndani. "Mama mdogo, subiri! Majina yapo! Naingia kwenye mipangilio nawaonyesha."

"Huingii popote," mjomba akasema, na akaweka mkono wake mzima juu ya kipanya. "Wewe hugusi kitu tena humu. Wala yeye. Kompyuta imeshikiliwa."

"Basi tusubiri aje mwenyewe," nikasema. "Mwanamke. Akija, tusome jina chini yake. Sitagusa."

Mama mdogo akamwangalia dada yake. Mama akasema, "Kaa, mdogo wangu. Ulimwona mara ngapi bila kumtaka? Mngoje mara moja ukimtaka." Akakaa.

Ndipo tukaanza kusubiri. Familia nzima, viti vimevutwa mbele ya kompyuta, tunaangalia kona ya chini kulia. Na hakuja. Asubuhi yote alikuwa anamwagika kama maji ya bomba bovu, sasa kimya. Mama akainuka akachemsha chai, akaleta, akagawa. Mjomba akanywa mkono mmoja, wa pili bado uko kwenye kipanya. Rula hakugusa kikombe chake. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye mdomo wa juu.

"Pengine ameona tuko wengi," mjomba akasema. "Kaona haya."

"Hao hawana haya," mama mdogo akajibu. Lilikuwa neno lake la kwanza lenye chumvi tangu aje kwetu.

"Njoo basi, dada," nikaiambia kompyuta. "Njoo, tunakuomba."

"Presha!" mama akanikemea.

Ting!

Wote tuliinama kwa pamoja, vichwa vikagongana. Huyu alikuwa mpya, ameshika simu, ameegemea mto. Mjomba akarekebisha miwani na akasoma kwa sauti ya mahakamani, neno kwa neno:

"'Habari mpenzi. Mimi ni mwanamke mpweke kilomita mbili kutoka wewe. Ninataka kuongea na wewe sasa kwa furaha bure.'"

Mjomba akatugeukia.

"Kilomita mbili kutoka wewe?" mama akasema. "Kiswahili gani hiki? Rula angeongea naye nini huyu?"

"Soma chini," nikasema. "Mjomba, chini, maandishi madogo!"

Akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. "Mishono... ya... pazia... bure."

"Nini?"

"Mishono ya Pazia Bure. Ndivyo ilivyoandikwa. Kuna nukta na herufi nyingine mbele, lakini jina ni hilo."

Hakuna aliyepanga, lakini wote tukageuka dirishani. Mapazia yalikuwa mapya. Yana marinda juu, yameshonwa vizuri, na pindo la chini limekaa sawasawa. Tukageuka kutoka mapazia kwenda kwa mama mdogo.

Alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

"Ni mimi," akasema nyuma ya mkono. "Mishono ya pazia niliitafuta mimi."

"Kwenye kompyuta hii?" mjomba akauliza.

"Yeye alikuwa amekwenda kupima kiwanja. Nikatafuta mshono wa marinda. Ikaja sehemu, kabla hujaingia wanakuuliza. Tunaomba kukutumia ujumbe. Ruhusu, au zuia."

"Ukasema?"

"Ruhusu."

"Bila kujua ni ujumbe gani?"

"Kaka, mimi nakaa mapokezi! Maisha yangu yote mtu hasimami mbele ya dirisha langu bila kujibiwa. Mtu amekuja, ameomba vizuri, nimwambie 'zuia'? Neno gani hilo la kumwambia mtu? Nikasema ruhusu. Kesho yake nikatafuta mshono wa mito, nao wakaomba. Nikaruhusu. Wakasema pakua hiki cha kufungulia michoro. Nikapakua. Nikaona watu wa mishono ni wapole kweli, kila mmoja anapiga hodi."

Mama alianza kucheka kwanza, kicheko cha puani, kile anachokibana msibani. Halafu mimi. Mjomba alijaribu kubaki na uso wa kazi, mabega yakamsaliti. Lakini cha ajabu alikuwa mama mdogo. Umewahi kuona mtu amekutwa na kosa halafu anafurahi kama kazaliwa upya? Alikuwa anarudia, "Ni mimi, jamani. Kumbe ni mimi tu," machozi yanamshuka, meno yote nje. Machozi aliyoyabana kwetu yote yalikuja pale.

Rula peke yake hakucheka. Alikaa chini pole pole, kama mtu aliyeshushwa kutoka mahali pa juu.

Mjomba akatoa mkono kwenye kipanya. "Kompyuta imeachiwa," akasema. "Presha, safisha. Sasa safisha kweli."

Nikampigia Dokta tena, nikamsimulia yote, nikamweka kwenye spika, naye akaniongoza kama anaongoza ng'ombe. Mipangilio. Faragha na usalama. Mipangilio ya tovuti. Arifa. Hapo zikajipanga tovuti zote zilizoruhusiwa, ya pazia, ya mito, ya vitambaa vya meza, ya kupamba keki.

"Na keki?" Rula akauliza. Neno lake la kwanza tangu tuanze kusubiri.

"Nilitaka kukushtukiza," mama mdogo akasema.

Nikaziondoa moja baada ya nyingine. Dokta akasema, hapohapo juu chagua tovuti zisiruhusiwe hata kuomba tena, nikachagua. Akasema nenda kwenye viendelezi. Kulikuwa na kidude kimoja kimejibandika humo, ndicho kilichobadilisha ukurasa wa kutafutia na kuleta viatu na nywele. Ondoa. Halafu akasema sasa ingia kwenye programu za kompyuta yenyewe, tafuta kile kifungua michoro, maana hicho ndicho baba yao, ukikiacha kitazaa wengine.

Nikakipata. Nikabonyeza kiondoke. Kikatoa ujumbe, na picha ya uso unaolia: JE, UNA UHAKIKA UNATAKA KUTUACHA?

"Jamani," mama mdogo akasema. "Kinaomba."

"Usikijibu!" tukapiga kelele wote.

"Ondoa," Rula akasema. Alisema kwa sauti yake ya siku zote, ile iliyonyooka. Nikaondoa.

Dokta akanifanya nipitishe ukaguzi wa virusi kwenye kompyuta nzima, ukakuta mabaki kidogo, ukayafuta. Akaniambia zima, washa. Halafu akasema nisimpigie tena mpaka niwe na akili, akakata.

Ikawaka. Ukurasa wa kutafutia ukaja wa kawaida, mweupe. Tukakaa tena kwenye viti vyetu, tunaangalia kona ile ya chini kulia. Tupu. Mjomba akamaliza chai yake. Tupu. Mama akasema tungoje kidogo. Tukangoja, kama watu wanaoangalia mpira wa dakika za mwisho timu yao inaongoza. Hakuja mtu.

"Basi nafunga kikao," mjomba akasema, kwa unyonge kidogo, maana naamini alikuwa na hotuba.

"Hukukifungua," mama akamwambia.

Mama mdogo alikuwa ameshahama kutoka kiti cha mlangoni. Sikumwona anahama. Alikuwa kwenye kile cha karibu na meza, goti lake limegusana na la mumewe.

"Kwa nini hukuja kunichukua?" akamuuliza. "Ulikuwa unajua hujafanya kitu."

"Sikuwa najua."

"Hukuwa unajua?"

"Ulikuwa na uhakika sana. Na wewe huwa hukosei." Akajikuna ndevu zilizoota. "Nikafikiri labda nina mtu mwingine ndani yangu, anafungua mambo mimi nikilala. Nikaanza kumwogopa. Ningekuja kwenu kusema nini? Kwamba simjui hata yeye?"

Mama mdogo hakujibu upesi. Yeye, ambaye kila anayesimama mbele yake anajibiwa. Akamshika mkono, ule wenye alama ya penseli kidoleni, akaubana kati ya mikono yake yote miwili.

"Nisamehe," akasema. "Mbele ya hawa wote. Nisamehe, mume wangu."

"Yameisha."

"Hayajaisha. Nyanyuka ukaoge. Unanuka mwanaume aliyeachwa."

Mjomba akaangalia dari. Mama akakusanya vikombe kwa kelele nyingi kuliko inavyohitajika. Rula akanyanyuka, akanyoosha shati, akaenda bafuni. Tukasikia maji yanafunguka, na baada ya muda, ndani ya maji, sauti ya mtu anaimba. Sijawahi kumsikia Rula anaimba. Alianza juu sana, akashindwa kupanda, akarudi chini akaanza upya, kwa nguvu zilezile.

Mama mdogo alisikiliza, kichwa kimeinama upande.

"Hajui kuimba hata kidogo," akasema.

Hakuna aliyembishia.